Mazoezi kwa Mtu Anayevuka Maji Kwenda Kazini

Ukiishi Kimbiji, hapa Dar, na kazi yako iko Posta, usimsikilize anayekwambia uamke mapema zaidi. Tayari unaamka saa 10 alfajiri. Kuna kilomita 40 hivi hadi feri, kuna foleni ya pantoni, na jioni unayarudia yote hayo ukiwa umechoka maradufu. Ukikata nusu saa ya usingizi ili ukimbie, utakimbia wiki mbili tu, kisha mwili utadai chake.

Kwa hiyo usingizi usiguswe. Dakika za mazoezi zitatoka kwenye safari. Hiyo hiyo inayokuchosha ndiyo inayokula saa nyingi za siku yako, na humo ndimo tutakamopekua.

Haya si ya Kimbiji peke yake. Wewe wa Mbagala, Chanika, Bunju au Goba, badilisha majina ya vituo, mengine yaache yalivyo.

Kwanza ujue unatafuta dakika ngapi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Usishtuke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Tena mwongozo wao wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani la kwenda angalau dakika 10 mfululizo ndipo ihesabike. Dakika 7 za hapa na 12 za pale zote zinaingia kwenye hesabu.

Ya wastani ni yapi? Tembea huku ukiongea. Ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, uko penyewe. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kutweta, ongeza mwendo. Kama huna wa kuongea naye, hesabu hatua zako kwa sekunde 30. Zikifika 50, huo ni mwendo wa mazoezi. Zikiwa 35, hayo ni matembezi ya harusini.

Sasa safari. Ukishuka kwenye pantoni upande wa Kivukoni, mwili wako unakuvuta kwenye gari la kwanza. Usipande. Kutoka hapo hadi Posta Mpya ni robo saa hivi kwa miguu, na hadi Mnazi Mmoja ni kama nusu saa. Foleni ikiwa imeshika, utawapita waliokaa ndani ya gari. Fanya hivyo kwenda tu, au kurudi tu, na siku tano za kazi zitakupa saa nzima na zaidi bila kugusa ratiba yako.

Kama unapita darajani, lile la Nyerere lina urefu wa mita 680 na njia za watembea kwa miguu. Shuka upande mmoja, vuka kwa miguu, pandia upande wa pili. Ni dakika saba au nane za upepo wa bahari, na hakuna gym mjini itakayokupa upepo huo.

Wasiopita majini watumie kituo. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Ukizoea, viwe viwili. Mwambie konda mapema, maana akishazoea unakoshukia hatakusimamishia pengine bila maneno.

Utaniuliza habari za jasho. Swali la haki. Kama kazini unavaa shati jeupe au unakaa kaunta mbele ya wateja, tembea jioni. Asubuhi panda gari, jioni nenda kwa miguu kuelekea feri, hakuna anayekungoja na rejista. Ukipenda asubuhi, beba shati la kubadilisha na taulo dogo lililoloweshwa, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mkoba uvae mgongoni. Mkoba wa kuning'iniza bega moja unakupindisha, na ukitembea nao wiki nzima, kiuno kitakueleza.

Kwenye foleni ya pantoni huna pa kwenda, lakini miguu unayo. Simama kwa vidole, shuka taratibu, mara 20. Pumzika, rudia. Hakuna atakayejua unafanya nini, na vigimbi vya miguu vitajua. Ndani ya pantoni kaa macho, angalia mizigo yako na shika chuma. Hapo si mahali pa maonyesho.

Kazini usitafute makubwa. Kila saa nyanyuka, tembea dakika mbili. Maji yafuate mwenyewe, usitume mtu. Jengo likiwa na ngazi, panda ghorofa tatu za kwanza kwa miguu kisha chukua lifti. Dereva wa bodaboda, wewe ndiye unayekaa kuliko karani. Kila abiria mmoja akishuka, shuka na wewe, chuchumaa na kuinuka mara 10 pembeni ya pikipiki. Watacheka kijiweni siku mbili. Ya tatu kuna mmoja atakuuliza kama kweli inasaidia mgongo.

Hapa niseme jambo ambalo makala nyingi za mazoezi hulikwepa. Kama kazi yako ni kuvuta jarife, kubeba mifuko ya saruji au kukoroga ugali wa watu 80 kwa mwiko, huhitaji kuambiwa ukimbie. Dakika zako zimeshatimia kabla ya adhuhuri. Unachohitaji ni kunyoosha mgongo, mapaja na mabega kwa dakika 10 jioni, kunywa maji, na kulala. Anayekusimanga kwamba hufanyi mazoezi mpe mfuko mmoja wa saruji aubebe.

Wengine wote, tuje kwenye misuli. Kutembea peke yake hakutoshi. Ukivuka miaka 30 na kitu, misuli isiyotumika huanza kupungua taratibu, na unakuja kujua siku ndoo ya maji inapokuwa nzito ghafla. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Chagua Jumatatu na Alhamisi, au siku nyingine mbili zisizofuatana.

Huna haja ya vyuma. Una madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5 na la lita 10 ni kilo 10. Unajua kabisa unainua nini, na likikushinda unamwaga kidogo.

Anza na kuchuchumaa. Miguu ipane kama mabega, dumu la lita 5 likumbatie kifuani, shuka kama unakaa kwenye kigoda, inuka. Mara 12. Visigino visinyanyuke.

Kisha pushapu. Usianzie chini kama hujazoea. Anzia ukutani: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, sogea, jisukume. Ukiona mara 15 ni mchezo, hamia kwenye ukingo wa meza imara. Halafu kitandani. Sakafuni utafika bila papara. Anayeanza sakafuni siku ya kwanza hupiga tatu mbovu, na siku ya nne haji.

Cha tatu, kuvuta dumu. Inama kutoka nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja ushike kiti. Vuta dumu kwa mkono wa pili hadi ubavuni, shusha taratibu. Mara 10 kila upande. Wanaokaa kwenye viti siku nzima, hili ndilo lenu. Linarudisha mabega nyuma.

Mwisho lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Sekunde 20. Usibane pumzi.

Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Robo saa imetosha na umemaliza kabla wali haujaiva. Mwezi ukipita na mara 12 zikiwa nyepesi, usiongeze idadi, ongeza maji kwenye dumu.

Na kuruka kichura kule kwa adhabu za shule, kuache. Magoti ya mtu mzima mwenye kilo zake hayakuumbiwa hiyo.

Mwishoni mwa wiki wewe wa Kimbiji una kitu ambacho wa Sinza anakilipia nauli: ufuo. Ila ufuo una ratiba yake. Maji yakijaa, unabakiwa na mchanga mkavu wa juu unaozama, unaochosha vigimbi na kukuumiza visigino kama hujazoea. Yakipwa, mchanga uliolowa hushikana na kuwa mgumu, na hapo unaweza kutembea au kukimbia bila raba nzito.

Saa za maji husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Maana yake, kama leo saa 12 jioni maji yametoka kabisa, wiki moja mbele saa hiyo hiyo utayakuta yamejaa. Ya pili yake yametoka tena. Basi panga hivyo: wiki moja ya pwani, wiki moja ya uani au barabarani. Ukitaka uhakika, muulize mvuvi yeyote. Yeye hahitaji simu kujua lini bamvua na lini maji mafu.

Ufuo pia una mteremko. Ukienda upande mmoja tu, mguu wa baharini unakuwa chini saa nzima na nyonga inalalamika. Nenda nusu ya muda, geuka, rudi pale pale. Tazama vipande vya chupa na mwamba wa matumbawe wenye makali. Na kama hujui kuogelea, jasho lisikutie ushujaa wa kuingia majini.

Wa mjini msinung'unike, na nyie mna viwanja. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee, na asubuhi lina watu wa kutosha kukutoa upweke. Coco Beach iko hapo hapo jirani. Kinondoni kuna Biafra. Temeke kuna Mwembe Yanga, na barabara za kuzunguka Uwanja wa Mkapa siku isiyo na mechi. Siku ya mechi usijaribu.

Sasa hamasa, ambayo watu wengi wanaisubiri ije yenyewe. Haiji. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, alimzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Ushindi ule ungeweza kumtoa mtu yeyote kitandani, kwa asubuhi moja. Asubuhi ya pili kitanda ni kile kile na Simbu hayupo. Kinachokutoa siku ya pili na ya hamsini ni mtu anayekusubiri nje.

Ndiyo maana vikundi vya jogging vimeshika Temeke na Kinondoni kuliko gym za kulipia. Angalia vinavyofanya kazi. Kuna saa inayojulikana, kuna fulana za rangi moja, kuna ada ndogo, na mtu asipoonekana Jumapili mbili anapigiwa simu. Akifiwa, kikundi kinakwenda msibani. Ukishakuwa mle ndani, kukosa kunakuwa na gharama, na hiyo gharama ndiyo hamasa yenyewe.

Kuna na mchakamchaka. Uliukimbia shuleni, na kama ulipita JKT uliukimbia zaidi ya ulivyotaka. Ile ya kiongozi kuita na kundi kuitikia inafanya kazi mbili. Inawaweka wote kwenye hatua moja, na inazuia wenye mbio kuwaua wageni, kwa sababu anayekimbia kupita kiasi hawezi kuitikia. Kwa anayeanza, hakuna mwalimu wa mwendo aliye bora kuliko wimbo.

Kama kikundi hakipo mtaani kwako, anza na mtu mmoja. Mmoja anatosha. Kubalianeni siku, saa na kona ya kukutania. Wekeni faini, mathalani shilingi 1,000 kwa kila anayekosa bila taarifa, na pesa ashike mtu wa tatu asiye na huruma. Mwisho wa mwezi zinunue matunda. Faini ndogo inaamsha watu wasioamshwa na alamu tatu.

Mkitaka tarehe ya kuanzia, ipo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Kwa anayeanza, mara moja kwa mwezi ni kidogo mno, lakini ni siku nzuri ya kumvuta jirani mgumu, maana hata yeye aliisikia.

Neno dogo kuhusu supu. Vikundi vingi huishia kwenye bakuli la supu na chapati mbili baada ya mbio. Kula, raha ya kikundi ni hiyo. Ila kama lengo lako ni kupunguza tumbo, jua kwamba kilomita tano hazilipi chapati mbili, supu yenye mafuta na soda. Chukua supu, chapati iwe moja, soda iwe maji.

Dada zangu, nyinyi mna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni nyumba. Ukirudi saa 2 usiku, mapishi, maji na madaftari ya watoto vinakungoja, na hakuna makala itakayokupa dakika ambazo nyumba imeshazichukua. Hizo zinaombwa waziwazi. Kaa na baba watoto, mwambie Jumatatu na Alhamisi robo saa ni yangu, wewe simamia watoto, na yako iwe Jumanne na Ijumaa. Makubaliano ya siku zenye majina hushika kuliko "nisaidiesaidie".

La pili ni giza na macho ya watu. Alfajiri usitoke peke yako. Wawili ni afadhali, wanne ni bora. Gauni refu au baibui havizuii mtu kutembea kwa kasi, mradi raba ziwe chini yake. Na kama kutoka nje hakuwezekani, funga mlango, weka singeli. Muziki huu wa uswahilini kwetu Dar una midundo inayopita 200 kwa dakika. Nyimbo tatu mfululizo, bila kukaa, halafu uniambie kama unaweza kuimba. Watoto watajiunga bila kualikwa, na hapo umemaliza mazoezi na malezi pamoja.

Wote mnaopita barabarani, sisi tunaendesha magari kushoto, kwa hiyo wewe tembea au kimbia upande wa kulia, magari yakikujia usoni. Vaa nguo nyeupe au ya rangi kali. Spika za masikioni acha moja nje, bodaboda haipigi honi mara mbili.

Hali ya hewa isiwe kisingizio, iwe ratiba. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto halina adabu. Tembea kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na kunywa maji kabla ya kiu. Masika hamia ndani na madumu yako. Kusi likivuma, kuanzia katikati ya mwaka, hewa inapoa, na huo ndio msimu wa kuongeza kilomita. Mwezi wa Ramadhani mwenye kufunga atembee taratibu karibu na futari ili maji yawe jirani, au afanye madumu baada ya tarawehe. Mwezi huo lengo ni kutopoteza ulichonacho.

Raba zinaweza kutoka mtumbani, Karume au Tandika, hakuna aibu. Ila usinunue rangi. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikirudi, ni hai, ikikaa ngumu kama tofali, iache. Ikunje. Inatakiwa ipinde penye vidole, si katikati ya unyayo. Nusa gundi na vuta ukingo wa soli, maana raba iliyokaa sana ghalani huachia siku ya tatu. Iwe na nafasi ya kidole gumba mbele. Na usijaribu asubuhi, jaribu mchana miguu ikiwa imevimba kidogo, ndivyo itakavyokuwa ukikimbia.

Kama umevuka miaka 40 na hujapima presha wala sukari muda mrefu, pita zahanati kwanza. Ni kipimo cha dakika chache. Mwenye presha au kisukari anaruhusiwa mazoezi, tena anayahitaji kuliko wengine, lakini aanze kwa ushauri na dozi yake ikiwa sawa. Mwenye kisukari awe na kitu kitamu mfukoni. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikata kuliko kawaida, simama hapo hapo na uende hospitali. Usisubiri hali hiyo ipite yenyewe.

Utakosa. Mtoto ataumwa, pantoni itaharibika, mwisho wa mwezi hesabu zitakubana ofisini hadi usiku. Siku moja ikipotea, iache ilivyopotea, usiilipie kwa kufanya mara mbili kesho yake. Wiki ikipotea, rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya. Ikiwa ni mwezi mzima, rudi ukutani kwenye pushapu zako za kwanza na kituo kimoja cha kutembea, na umpigie simu yule mwenzako wa faini kabla hajakupigia yeye.